Mgawa Maji Aliyeanzia Mkiani

Alikuwa anaogopa maji. Waliolijua hili walikuwa wachache, na mimi nililijua kwa sababu siku moja, nikiwa darasa la tano, nilivuka naye mto kwenye daraja la magogo. Alinishika bega kwa nyuma, akafumba macho, akasema, "Tembea tu, binti wa mkiani. Usisimame kuangalia." Vidole vyake viliniuma begani. Tulipofika ng'ambo alinyoosha koti, akakohoa, akawa tena yule mzee ambaye wanaume wazima walikatiza ubishi wao wakimwona anakuja na fimbo yake.

Tulimwita Mgawa Maji. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini sikumbuki kulisikia likitamkwa. Hata mkewe alimwita hivyo akikasirika, na mkewe alikasirika mara nyingi.

Kwetu ni tambarare ya Usangu, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Rujewa, nchi ya mpunga. Mvua yetu ni haba. Tunachokunywa na tunachokula hutoka milimani, kinateremka na mto, na mto tunauchepusha kwenye banio ili uingie mferejini. Mfereji ni mmoja. Wenye mashamba karibu na banio tunawaita watu wa kichwani, maana wao huyaona maji kwanza. Wenye mashamba ya mwisho kabisa, mahali mfereji unapokuwa mwembamba kama mkono wa mtoto, ni watu wa mkiani. Mama yangu alikuwa na majaruba manne mkiani, vipande vinne vya shamba vilivyozungushiwa matuta madogo ya udongo ili maji yatulie juu ya mpunga. Nilikua nikijua kwamba kati ya mdomo wangu na wali kuna mzee mmoja na fimbo.

Fimbo ile ilikuwa na misumari miwili. Maji yakifika msumari wa kwanza, jaruba limeonja. Yakifika wa pili, limeshiba, na hapo aliziba mlango wa jaruba kwa bonge la udongo na kusogea kwa jirani, hata kama mwenye shamba alikuwa anapiga magoti. Saa yake ilikuwa kivuli. Watu walipoanza kuja na simu, kila mmoja akionyesha kwamba muda wake bado, alizikataa zote. "Simu ya mtu," alisema, "ina saa ya mwenye simu."

Msemo wake mwingine ulikuwa, "Maji hayana mjomba." Aliutumia dhidi ya diwani, dhidi ya katekista, na mwaka mmoja dhidi ya mkewe. Mama yule alikuwa amefungua kijitundu kwenye tuta, usawa wa kidole gumba, ili mchicha wake upate unyevu siku isiyo ya zamu yake. Adhabu ya kugusa maji bila ruhusa ilijulikana: unakosa zamu mbili. Mgawa Maji alimpa mkewe adhabu hiyo mbele ya watu, akiwa amesimama wima kama anasoma somo kanisani.

"Sawa," mkewe akasema. "Na jiko nalo lina zamu."

Kwa siku nne mzee alikula viazi vitamu vya kuchoma kwenye ukingo wa mfereji, peke yake, huku wapita njia wakimuuliza kama kavihesabu. Siku ya tano mkewe alimpelekea ugali. Lakini zamu mbili za mchicha hazikurudi.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Alilia harusini, kila harusi, hata za watu asiowajua. Alitia sukari vijiko vitatu kwenye kikombe kidogo. Na mtu huyu aliyeweza kumgombeza mkulima kwa kumwaga maji ya ndoo, nyumbani kwake aliosha miguu kwa ndoo nzima, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, halafu akarudia ule wa kwanza. Ujanani alifanya kazi kwenye bustani za misheni Tosamaganga, kule juu Iringa kwenye baridi. Alisema huko ndiko alikojifunza kwamba mche wa kabichi ulio mwisho wa mstari una kiu sawa na ulio mwanzo. "Ila ule wa mwisho," aliongeza, "haupigi kelele. Umeshazoea." Mama alipenda kumnukuu hapo. Watu wa kichwani hawakupenda.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na Masanja. Masanja ni Msukuma, familia yake ilihamia Usangu na ng'ombe wengi na majembe mengi, wakalima kuliko sisi na kufuga kuliko sisi, na hilo peke yake lilitosha kuwaudhi watu. Jirani na banio kuna lango la kumwagia maji. Mto ukijaa, unalifungua, maji ya ziada yanarudi mtoni kabla hayajauharibu mfereji. Vijana wa Masanja walikuwa wakilifungua kiangazi ili ng'ombe wanywe. Mgawa Maji akaweka kufuli, kufuli kubwa la shaba, na ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na rozari.

"Mzee, ng'ombe si mwizi," Masanja alimwambia siku ile, na mimi nilikuwepo, nimetumwa kupeleka jembe. "Ng'ombe ana kiu tu."

"Na mpunga?"

"Mpunga hauna macho ya kunitazama."

Mgawa Maji alicheka, jambo la nadra. Lakini kufuli lilibaki.

Nieleze sasa habari ya mafuriko, maana bila hayo mzee huyu angebaki hadithi ya kuchekesha tu.

Mvua haikunyesha kwetu. Ilinyesha milimani, siku tatu mfululizo, wakati sisi huku tambarare tukipigwa na jua. Mgawa Maji alikuwa ameenda msibani ng'ambo ya mto, akalala huko. Asubuhi mto ukaja mwekundu, umebeba migomba na mlango wa nyumba ya mtu. Maji yakasukumana kuingia mferejini. Wanaume kama thelathini wakakimbilia lango la kumwagia wakiwa na majembe, mashoka na nyundo. Wakafika, wakaliona kufuli.

Wakasimama.

Nimesimuliwa na watu wengi na wote wanasimulia vilevile, kwa aibu. Walisimama mbele ya kufuli na kujadiliana. Nani alivunje? Nani atakuwa shahidi kwamba lilivunjwa kwa sababu? Mmoja alisema tumpigie simu mzee, mwingine akakumbusha kwamba mzee hana simu. Baba Tumaini, mwenye shamba kubwa kuliko wote kichwani, aliinua shoka. Na hapo sauti ya mwanamke ikapasua kelele za maji: "Msiguse! Mnataka tukose zamu sote? Mzee anarudi!"

Ilikuwa sauti ya mama yangu. Zamu yake ilikuwa kesho yake. Alikuwa amesubiri maji siku kumi na moja.

Baba Tumaini akashusha shoka. Labda angelivunja, labda lisingevunjika. Labda ukingo ungebomoka hata hivyo. Hakuna ajuaye. Ninachojua ni kwamba ukingo wa mfereji ulipasuka hatua mia mbili chini yao, na maji yakalala juu ya mashamba kuanzia kichwani hadi katikati. Yalipopungua yaliacha mchanga. Matuta yote yalifutika. Mfereji wenyewe ulijaa mchanga mpaka huko kwetu, ukawa njia nyeupe iliyonyooka ambayo mtu angeweza kuendeshea baiskeli.

Mgawa Maji alirudi saa nane mchana, mto ulipopungua, kamshika bega kijana mmoja darajani kama kawaida yake. Alilitazama lango. Kufuli lilikuwa zima, linang'aa. Swali lake la kwanza, kwa mazoea, lilikuwa, "Nani kaligusa?"

"Hakuna, mzee," wakamjibu.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

Wanasema alikaa chini kwenye tope na koti lake la msibani.

Mama alinipigia simu Mbeya, ambako nafanya kazi kwenye duka la madaftari. Hakulia. Alisema tu, "Kitalu kimepona. Miche ina siku kumi na mbili." Mtu wa mpunga angeelewa hofu yote iliyokuwamo ndani ya maneno hayo. Kitalu chake kilikuwa mwinukoni nyuma ya nyumba, maji hayakukifikia. Lakini mche wa mpunga hausubiri. Ukifika siku ishirini na kitu unataka kuhamishiwa kwenye jaruba lenye maji. Ukipita thelathini na tano umezeeka. Utaupanda, utachanua ungali mfupi, na utavuna makapi. Mbegu nyingine hatukuwa nayo, wala muda wa kuanza upya. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi. Nilipofika, miche ilikuwa na siku kumi na tano, kijani yake ilikuwa nzuri mno, na mfereji ulikuwa umekufa.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la skimu ya umwagiliaji. Watu waliogopa kuketi karibu na mama. Mgawa Maji alisimama mbele, akavua ufunguo shingoni, akauweka mezani. Hakuomba radhi. Nilimchukia kwa hilo kwa muda wa dakika nzima. Kisha akasema, "Tunachimba pamoja. Kila nyumba, kwa idadi ya majaruba yake. Na tunaanzia mkiani."

Ghala lililipuka.

"Mkiani!" Baba Tumaini aliinuka. "Mzee, akili yako imeenda na mto? Tukianzia kwenye banio, siku sita tu mimi nina maji. Miche yangu ina siku ishirini!"

"Yangu ina siku ishirini na tatu," alisema Mgawa Maji. Alikuwa mtu wa kichwani yeye mwenyewe. Shamba lake lilipakana na la Baba Tumaini, na mwaka ule alikuwa amewahi kusia mbegu kitaluni kuliko wote.

"Sasa?"

"Sasa sikiliza, baba. Tukianza kichwani, siku ya sita wewe una maji. Siku ya saba utakuwa wapi?"

"Nitakuja kuchimba na wenzangu."

"Siku ya saba utakuwa shambani kwako umeinama unapanda. Na mimi pia. Na huyu, na yule. Hatutakuwa watu wabaya, tutakuwa watu wenye maji. Wa katikati watachimba hadi kwao, nao watainama. Mkiani atabaki nani? Wajane na bibi mmoja mwenye jembe la mpini uliovunjika." Akapumua. "Mfereji unachimbwa na wenye kiu. Ukimshibisha mtu, umempoteza."

Hakuna aliyepiga makofi. Walikubali kwa kunung'unika, na kabla hawajatoka alikuwa ameshaondoka kwenda kwa Masanja.

Nilifuatana naye kwa sababu mama alinisukuma. Masanja alikuwa zizini, hakumkaribisha kiti.

"Mwangaluka," mzee akamsalimu kwa Kisukuma, vibaya.

"Kamwene," Masanja akamjibu kwa lugha yetu, vizuri. "Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba maksai."

"Maksai wanakunywa maji, mzee. Nilidhani hujui."

"Najua. Maksai wako sita na ubao wa kukokota mchanga, mpaka mfereji uishe. Na mimi nakupa mahali pa kunyweshea. Halali, pamejengwa kwa mawe, kila siku, bila kuniuliza."

Masanja aliacha kumkuna ng'ombe. "Wapi?"

"Mkiani. Chini ya shamba la mama wa huyu binti."

Masanja alinitazama, akamtazama mzee, kisha akacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyeona karata ya mwenzake. "Kwa hiyo maksai wangu wakitaka maji yao, lazima mfereji ufike mwisho."

"Ee."

"Mzee, wewe ni mwizi kuliko vijana wangu."

Tukaanza. Wanaume walilegeza mchanga kwa majembe, maksai wakakokota ubao mpana uliofungwa minyororo, wanawake tukasomba kwa karai na kusindilia kingo. Mgawa Maji alipima vipande kwa fimbo yake, akachimba kipande chake kama wengine, ila alikuwa mbaya sana kwa jembe. Kipande chake kilipinda na ikabidi mkewe akinyooshe huku akimsema. Kila jioni mama alikwenda kitaluni, akang'oa mche mmoja, akauweka kiganjani na kuitazama mizizi yake. Siku ya ishirini. Siku ya ishirini na tatu. Watu hawakumsemesha. Walimpa karai, alilipokea, walitazama pembeni. Nilimsikia mtu akisema, bila kushusha sauti, kwamba tunamchimbia maji aliyetunyima maji.

Siku ya ishirini na sita tulifika asubuhi tukakuta nusu ya watu hawapo. Walikuwa wamekwenda juu kwenye banio na majembe yao. Mgawa Maji alitembea hadi huko, nasi nyuma yake, mama akiwa wa mwisho. Kina Baba Tumaini walikuwa ndani ya mfereji, mchanga wa pale ukiwafika kiunoni, wanatoa jasho.

"Adhabu yako leo ni ipi, mzee?" Baba Tumaini aliuliza bila kuinua kichwa. "Zamu mbili? Zamu za maji gani?"

"Sina adhabu. Ufunguo niliuacha mezani."

"Basi tuache. Mimi nina watoto watano. Na yule pale," akamwonyesha mama kwa ncha ya jembe, "asingefungua mdomo wake siku ile, leo nisingekuwa kwenye shimo hili. Mwambie. Mwambie mbele ya watu, 'Mama Rehema, wewe ndiye uliyetuzamisha.'"

Mama alisimama na karai lake tupu. Sikuwahi kumwona mdogo vile.

Mgawa Maji alichomeka fimbo yake mchangani. "Sauti ile ilikuwa yangu," alisema. "Miaka yote hii nimeitia ndani ya watu, mmoja mmoja. Kwake ilitoka kwa kuwa alikuwa na kiu kuliko ninyi. Kama mnataka kumpiga jembe mwenye sauti, niko hapa."

Aliteremka mferejini, akasimama mbele ya Baba Tumaini. Wakatazamana. Niliona jembe likiinuka kidogo, nikaona vidole vikibana mpini. Mke wa mzee alisema kwa utulivu wa kutisha, "Baba Tumaini, huyo ni wangu kumpiga." Mtu mmoja akaguna, kicheko kikamponyoka mwingine, na jembe likashuka. Lakini hawakurudi. Walibaki kwenye banio siku ile na kesho yake, wakachimba kwa mikono mchanga uliokuwa ukiporomoka kila walipoutoa. Walimwendea Masanja kuomba maksai. Masanja aliwapa maziwa mgando, akawauliza habari za watoto, na kuwaambia maksai wake wanachimbia kinywaji chao, wamalize huko chini kwanza ndipo waje juu.

Siku ya ishirini na nane walirudi. Mgawa Maji aliwaonyesha vipande vyao kwa fimbo, akaendelea kusomba.

Maji yalifika mkiani miche ya mama ikiwa na siku thelathini na tano. Yalikuja yakitambaa, ya kahawia, yakisukuma povu na majani mbele yake. Ng'ombe wa Masanja waliyanusa kabla hatujayaona. Mama alipanda siku hiyo hiyo, na wanawake wa mkiani wote waliinama pamoja naye, na jua lilipozama jaruba la nne lilikuwa limejaa mistari ya kijani.

Miche ya Mgawa Maji ilikuwa na siku arobaini na tatu. Aliipanda vilevile. Nilimwona, na nilijua kwamba yeye anajua.

Mavuno yale kwetu hayakuwa ya kujivunia, lakini yalikuwa mavuno. Tulizoea magunia thelathini, tukapata kumi na sita, na watoto wa dada yangu wakabaki shuleni. Kichwani walivuna kidogo sana. Shamba la mzee halikujaza hata gunia la pili. Mpunga wake ulichanua ukiwa kimo cha goti. Kabla ya kiangazi kwisha, mkutano ulipiga kura, na watu wa kichwani na wa katikati, walio wengi, walichagua mgawa maji mwingine, kijana mwenye simu. Mzee alimkabidhi fimbo na kumweleza habari za misumari. Kijana alisikiliza kwa heshima. Baba Tumaini hakumsalimu mama tangu siku ile ya banio, wala mama hakuthubutu kupita njia ya kichwani.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa miezi miwili baada ya mavuno. Nilikuwa nimetoka Mbeya kwa mapumziko. Mama alikuwa amekoboa gunia zima la mpunga Rujewa, mchele mweupe wenye harufu, akanipakia nalo kwenye bodaboda. "Mpelekee. Usirudi nalo."

Nilimkuta nyuma ya nyumba anaosha miguu. Alikuwa amekonda, koti lilimning'inia kama limetundikwa msumarini.

"Shikamoo, mzee. Mama kakuletea mchele."

"Marahaba, binti." Alilitazama gunia muda mrefu, akavuta harufu yake. "Mrudishie."

"Mzee, mama kasema nisirudi nalo."

"Nikiupokea, siku ile itakuwa na bei. Watasema mkiani walininunua, na watakuwa sahihi. Mwaka mwingine mto ukija, nani atakubali kuanzia chini?"

"Lakini mzee, nyumbani hapa mnakula nini?"

Mkewe, mlangoni, alifungua mdomo. Mzee akamtazama, naye mkewe akaufunga.

"Mwambie mama yako aupike," alisema hatimaye. "Akiupika si hongo, ni chakula, na mimi ni mgeni. Jumapili, baada ya kanisa. Aupike wote."

"Gunia zima?"

"Siji peke yangu."

Mama aliposikia alikaa kwenye kinu. "Anakuja na nani?" aliuliza, ingawa alijua. "Anawaleta kina Baba Tumaini hapa? Waje kunila mimi?" Usiku mzima alichambua mchele usio na jiwe hata moja.

Walikuja ishirini na saba, wametanguliwa na mzee. Masanja alikuja na kibuyu cha maziwa. Tulitandika mikeka na maturubai uani, tukaweka wali kwenye masinia, na maharage, na kuku watano ambao ndio tuliokuwa nao. Walinawa mikono, wakaketi. Nilisikia vidole vikikwaruza masinia, na mbuzi wa jirani. Mama alisimama karibu na mlango wa jiko, amekunja mikono ndani ya kanga, kama mtu anayesubiri hukumu.

Baba Tumaini alikula tonge moja, akatafuna, akatazama sinia. "Mama Rehema," alisema, na uwanja mzima ukaacha kutafuna. "Mpunga huu ulipandwa siku ya ngapi?"

"Ya thelathini na tano, baba."

Alitikisa kichwa taratibu. "Ulikuwa ukingoni kabisa."

"Ulikuwa ukingoni."

"Nipe na pilipili, basi."

Mama aliingia jikoni mbio, na mtu akacheka, na Masanja akaanza kumimina maziwa huku akimtania kila mmoja kuhusu uchoyo wake. Kelele zikaanza kupanda kidogokidogo. Ndipo nikamtazama Mgawa Maji. Hakuwa akimsikiliza mtu. Alikuwa akila ameinama, kwa haraka, kwa umakini, akikusanya hata punje zilizoanguka kwenye mkeka, na nilielewa kwamba mtu huyu alikuwa na njaa, si njaa ya asubuhi ile, njaa ya miezi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameiona.

Mama naye aliiona alipotoka na pilipili. Aliipitisha kwa Baba Tumaini bila kusimama, akarudi na upawa uliojaa, akapiga magoti kando ya mzee. Mzee alifunika upande wake wa sinia kwa mkono.

"Imetosha, mama. Wape wengine."

Mama hakuinuka. Upawa ulibaki hewani, wali ukitoa moshi. Mzee alitazama chini. Kisha akauondoa mkono.